Dada, niliisifu albamu ambayo sijaisikia

Barua za wachumba na za mawifi nimeziweka pembeni wiki hii, nitazirudia. Kuna barua moja kutoka Mwazye nimeisoma mara tatu. Wapo watakaoiona ni jambo dogo. Mimi nimeliona kubwa, na nawaomba tukae tulizungumze.

Anaandika hivi, nimefupisha kidogo tu:

"Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa miaka 20, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Mwazye namsaidia mama shamba. Tuko marafiki watano tuliosoma pamoja. Wawili wapo chuo Mbeya, mmoja Dodoma, mmoja anafanya kazi Sumbawanga mjini, mimi ndiye niliyebaki kijijini. Tuna kundi letu la WhatsApp, na kila mwaka kuanzia Januari tunatajiana albamu mpya zilizotukosha mpaka hapo tulipofika. Wenzangu wana bando, albamu ikitoka usiku asubuhi wameshaimaliza. Mimi naipata baada ya mwezi, tena wimbo mmoja mmoja. Mwezi uliopita nikaona aibu, nikataja albamu ambayo nimesikia wimbo mmoja tu, nikasema ndiyo namba moja yangu. Mmoja akauliza, ule wa mwisho umeuonaje? Nikajibu ni moto, unachezeka. Kumbe ni wimbo wa taratibu, msanii anamlilia mama yake. Walicheka sana. Tangu siku hiyo sijaandika kitu kwenye kundi, natazama tu. Jioni nikitoka mazoezi ya kwaya, mwaka huu tumerekodi, naingia nasoma wanachoandika na machozi yananitoka. Dada, nitoke kwenye kundi?"

Marahaba mdogo wangu. Usitoke.

Nianze na kile kinachokuuma. Umedanganya, na wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana umeandika. Sitakwambia ni kosa la kukuvunjia urafiki wa miaka. Lakini angalia uongo ule umekunyang'anya nini. Rafiki akikuuliza umependa albamu ipi, hakuulizi swali la mtihani. Ipi imetoka lini na ina nyimbo ngapi, hayo anayaona kwenye simu yake. Anachotaka ni masikio yako: wewe, uliyekaa naye dawati moja, umesikia nini ambacho yeye hakukisikia? Ulipotaja jina ili usionekane umeachwa nyuma, ulimpa jibu ambalo angelipata kwa mtu yeyote. Alikukosa wewe.

Sasa nikusimulie kidogo, maana nimelelewa Sumbawanga na najua kuchelewa kunavyouma. Kaka yangu alirudi na kanda ya Professor Jay, Machozi Jasho na Damu, iliyotoka mwaka 2001. Aliinunua Mbeya. Wakati huo barabara ya Tunduma kuja Sumbawanga ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mtu akishuka kwenye basi hata nyusi zake zilikuwa nyekundu. Ile kanda alikuja nayo kifuani, ndani ya sweta, isiingie vumbi. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wameshaisikia mpaka wameichoka. Sisi ndiyo kwanza tunaifungua.

Nakumbuka tulivyoisikiliza. Redio yetu ilitumia betri sita kubwa. Zikianza kuchoka, sauti ya Jay inazama, inakuwa kama ya babu anayesinzia, basi kaka anazitoa, anazianika juani juu ya bati, jioni zinarudi na nguvu ya nyimbo nne hivi. Kurudisha kanda nyuma hatukutumia redio, tungemaliza betri. Tuliingiza kalamu ya Bic kwenye tundu tukaizungusha kwa mkono. Ukishazungusha kanda nzima kwa mkono, huruki wimbo. Unausikiliza hata ambao hukuupenda, na mara ya tano unaupenda. Upande wa kwanza tuliujua kabla ya upande wa pili, na tulipokuja kuambiana nani kapenda wimbo gani, kila mtu alikuwa na sababu, na sababu zenyewe tulizibishania mpaka mama anatufukuza tukalale. Hakuna aliyeona haya kwa kuwa tumechelewa. Kuchelewa si kutojua. Wapo waliokuwa na kanda ile tangu siku ya kwanza na hawakuwahi kuifikisha upande wa pili.

Nimekutajia kanda makusudi, kwa sababu kizazi chenu kimezikuta albamu zikiwa zimerudi. Kulikuwa na miaka zilikaribia kupotea. Kanda zilipokufa na CD zikafuata, wasanii wetu wengi wa Bongo Fleva walihamia kwenye singo: wimbo mmoja, video moja, shoo, halafu mwingine. Diamond Platnumz, pamoja na ukubwa wake wote, alituletea A Boy from Tandale mwaka 2018, na akaenda kuizindulia Nairobi. Baada ya hapo mlango ukafunguka. Mwaka 2020 tu Harmonize katoa Afro East, na Zuchu katambulishwa kwetu na EP ya nyimbo saba. Leo kila mwezi kuna kitu kipya, na ndiyo maana nyinyi watano mna cha kutajiana. Hiyo ni neema. Msiigeuze kuwa mashindano ya nani ana bando.

Kuna neno moja umeliandika kwenye barua yako ukapita juu yake haraka: mpaka hapo tulipofika. Mdogo wangu, hapo ndipo penye utamu wote wa mchezo wenu. Albamu ya mwaka kila mtu ataitaja Desemba, redio zitaitaja, tuzo zitaitaja. Lakini chaguo la Machi ni la mtu aliyethubutu kabla hajaambiwa na yeyote. Na anayechagua mapema lazima akubali kwamba miezi iliyobaki inaweza kumgeuza.

Mimi nina daftari. Chukua mwaka 2021. Februari ile Rayvanny alitoa Sound from Africa, nyimbo 23. Ni kijana wa Mbeya, na sisi wa huku nyanda za juu tuna haki ya kumwita jirani, kwa hiyo niliisikiliza kwa upendeleo, nakiri, na bado nikaona ni ndefu. Nyimbo 23 ni shamba la ekari nyingi, huwezi kulipalilia lote kwa uangalifu uleule. Machi akaja Mbosso na Definition of Love, nyimbo 12. Hiyo ilinikamata. Ndani yake kuna wimbo ambao amewaalika Njenje, wale wa Kilimanjaro Band, watu wazima wa dansi, wakaimba na kijana aliyetokea Yamoto Band. Niliposikia sauti zao zikiingia nilisimamisha kazi niliyokuwa nayo mkononi. Nikaandika kwenye daftari: Machi, Mbosso, namba moja mpaka sasa. Nikaweka tarehe. Kisha Oktoba Alikiba akatoa Only One King, nyimbo 16, na Novemba Harmonize akaja na High School. Aliyefunga orodha yake Juni alikuwa amefunga mlango kabla wageni wakubwa hawajafika.

Mwaka 2024 ulikuwa hivyohivyo: Marioo na The God Son mwezi wa 11, Zuchu na Peace and Money mwezi wa 12.

Je, nilifuta jina la Mbosso? Sikulifuta. Nilipokuja kumpenda Kiba niliandika mstari mpya chini yake, nao nikauwekea tarehe. Leo nikifungua ukurasa ule naona nilivyokuwa Machi na nilivyokuwa Oktoba. Nakushauri utafute daftari, lolote, hata lililobaki la hesabu za shule. Andika tarehe, albamu, uliisikilizia wapi, wimbo wa ngapi uliurudia, na wimbo wa ngapi uliuruka. Usiandike sifa, andika namba ya wimbo. Mtu mwenye namba ya wimbo hashikwi uongo, na mwenye "ni moto sana" hana pa kujishikia, maneno yake yanateleza tu.

Halafu kalenda. Wenzako wa chuo wanasikiliza kwa tarehe za kutoka albamu. Wewe una kalenda ya Ufipa, na mimi naona ni nzuri kuliko yao. Januari hadi Machi mvua imeshika, mko kwenye palizi, simu inakaa siku mbili na chaji moja ya sola. Nani atamaliza nyimbo 23 hapo? Usijilazimishe. Chagua albamu moja tu kwa msimu huo, uisikie yote. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ile inayotufanya tulale na sweta, mahindi yameingia, mnakaa kupukuchua. Kazi ya kupukuchua inataka mikono tu, masikio yako huru, na hapo mko mama, shangazi, wadogo, majirani. Washa spika ndogo, weka albamu ile kuanzia wimbo wa kwanza, na usiguse. Angalia mkono wa nani unapunguza mwendo. Shangazi akisema rudisha huo, andika. Hilo wenzako wa hosteli hawalipati, wao wanasikiliza na spika za masikioni, kila mtu peke yake kitandani.

Tuje kwenye kupata nyimbo zenyewe, maana najua utaniambia maneno mazuri dada, bando je? Usisikilize albamu kwa video ya YouTube ikiwa bando lako ni la kupima kwa kijiko. Picha ndiyo inayokula, na kama huna budi ishushe ubora hadi chini kabisa. Mdundo, ulioanzia Nairobi, unakuruhusu kupakua wimbo bure ukakaa kwenye simu, na msanii anapata mgawo wake kutokana na matangazo. Simu za Tecno, itel na Infinix nyingi zinakuja na Boomplay ndani, angalia yako kabla hujapakua kingine. Ukienda mnadani au mjini Matai ukakuta mtandao umetulia, pakua siku hiyo hata kama hutasikiliza siku hiyo.

Kuhusu vijana wa vibandani wanaokuingizia nyimbo kwenye memori kadi kwa shilingi chache, nitasema ukweli wangu bila kuwachukia, wanatafuta riziki. Hela ile haimfikii aliyeimba. Ukiipenda albamu kiasi cha kuitaja mbele ya rafiki zako kuwa namba moja, tafuta njia yoyote ndogo ya kumlipa aliyeitengeneza, hata kwa kuisikiliza mara moja pale anapolipwa. Namwomba kila msomaji wangu hilo, si wewe peke yako.

Sasa, mdogo wangu, nimefika kwenye mstari uliotaka kunipita. Umeandika, katikati ya machozi yako: nikitoka mazoezi ya kwaya, mwaka huu tumerekodi.

Mmerekodi! Yaani una albamu mpya ya mwaka huu ambayo uko ndani yake, na unawadanganya wenzako kuhusu ya mtu mwingine?

Naijua kazi hiyo, niliimba sauti ya pili miaka sita. Mwalimu wa kwaya anatunga au anachukua nyimbo, mnazifundishana sauti moja moja, ya kwanza huku, ya nne kule nyuma, mpaka mtu anaota noti. Kisha harambee ya kwanza, ya nauli na studio. Mnasafiri mmebanana kwenye gari moja, sare za kitenge mmezikunja kwenye mifuko zisijikunje vibaya. Studio mnaambiwa mwimbe sehemu moja mara kumi na tano kwa sababu kuna mtu mmoja anawahi. Kila mtu anajua ni nani, na hakuna anayemtaja. Mkirudi, video: mnatafuta mahali pazuri, na wilaya yetu ya Kalambo haina shida hiyo, mtu ana maporomoko ya zaidi ya mita 200 anapumua ukungu wake. Mwisho uzinduzi, mgeni rasmi, na nakala ya kwanza inanadiwa mpaka mzee mmoja anasimama na kusema bei inayowanyamazisha watu. Niambie ni msanii gani wa mjini anazindua albamu yake mbele ya watu ambao wote wamechangia kuirekodi.

Mwazye tunaijua nchi nzima kwa jina la Kadinali Polycarp Pengo, aliyezaliwa huko mwaka 1944. Ni parokia iliyolea watu, na nyimbo za ibada ni muziki wa kwanza ambao masikio yako yaliujua, kabla ya Bongo Fleva na kabla ya zile nyimbo za Zambia zinazovuka mpaka na kupigwa kwenye vilabu vyetu. Mtu aliyekulia kwenye sauti nne anasikia vitu. Akiwekewa albamu yoyote, anajua waitikiaji wamepangwa au wamerundikwa tu. Hilo ndilo wenzako wanne wanalihitaji kutoka kwako. Ungewaambia wimbo wa sita una sauti ya tatu iliyofichwa nyuma ya kinanda, isikilizeni, ningekuhakikishia wote wangerudi kuusikiliza.

Najua hofu yako, kwamba watasema kwaya si albamu. Ina nyimbo, ina mpangilio, ina jina, imerekodiwa mwaka huu. Ni albamu. Anayebisha aje kwangu.

Na nyinyi wanne wa Mbeya, Dodoma na Sumbawanga, kama mnasoma kona hii: nimeambiwa mlicheka, na naamini hamkukusudia kuumiza. Lakini mwenzenu amenyamaza na hamjamuuliza kwa nini. Mpigieni simu, msimwandikie, mpigieni. Na kwenye mchezo wenu wekeni utaratibu mmoja: mtu asitaje albamu mpya mpaka wiki mbili zipite tangu itoke. Hamtapungukiwa kitu. Nyimbo hazioshwi na mvua.

Kabla sijasahau, barua moja ya wachumba naivuta, maana nayo ni ya muziki: kijana wa Sumbawanga mjini ameniandikia kwamba mchumba wake amemblock kwa sababu yeye ni timu Kiba na binti ni timu Mondi, yaani Diamond. Mwanangu, mkishakuwa timu mnaacha kusikiliza, mnahesabu tu. Mwombe radhi kwanza. Kisha kila mmoja amchagulie mwenzake wimbo mmoja wa msanii asiyempenda, mkae muusikilize pamoja hadi mwisho, kimya. Msipoweza kukaa kimya dakika nne kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, ndoa mnaitafutia nini?

Nikurudie wewe wa Mwazye. Kesho asubuhi, kabla hujaenda shamba, fungua kundi na uandike hivi, au kwa maneno yako: "Ile albamu niliyoitaja sikuwa nimeisikia yote, niliona aibu. Nitaisikiliza nikiipata, nitawaambia. Kwa sasa namba moja yangu mpaka hapa tulipofika ni ya kwaya yetu, na mimi naimba humo. Ni wimbo wa ngapi nililia tukirekodi, utafuteni wenyewe." Tuma, zima data, nenda ukapalilie. Jioni utakuta wamejibu.

Na siku ya uzinduzi ikipangwa, niandikie. Niwekee nakala moja, hela nitaituma kwa simu, na baada ya wiki mbili nitakwambia wimbo wa ngapi nimeurudia.